Msomi wa Ridhaa

Fortunatus Lupakisyo aliitwa daktari kwa miaka mingi kabla ya kusomea chochote kinachohusu mwili wa binadamu, na hakuwahi kumsahihisha mtu. Wanawake wa Ruhembe walimsimamisha njiani wakamwonyesha vifua vya watoto wao. Alivitazama, akakunja uso, akasema, "Mpelekeni hospitali," kisha akaendelea na safari yake kama mtu aliyetibu. Wazee wenye umri wa baba yake walivua kofia wakamwamkia shikamoo kwa sababu ya mkoba wa ngozi aliobeba, naye akaitikia marahaba kwa sauti nzito aliyoipata seminarini. Seminarini huko hakumaliza. Alitoka au alitolewa, ilitegemea nani anasimulia. Kilichobaki kilikuwa sauti hiyo na tabia ya kuunganisha viganja vyake kabla ya kusema jambo dogo.

Baadaye alipata shahada ya sosholojia. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu chenye paa kilikuwa kinatafutiwa mnunuzi. Kiwanda cha sukari kilikwisha kupata mwenyewe, mashamba ya mkonge yalikuwa yamegeuka vichaka vyenye hatimiliki, na watu wa reli walikuwa wanasikia kwamba hata treni itakodishwa. Viwanda vilipoondoka yalikuja mashirika. Kilosa mjini, majengo yaliyowahi kuwa ofisi za ushirika yalipakwa rangi na kupewa vibao vyenye picha ya mikono inayoshikana. Fortunatus aliajiriwa chini ya mikono namna hiyo. Kazi yake ilikuwa kuendesha warsha. Aliwakusanya watu ukumbini, akawagawia kalamu na soda, akawafundisha kwamba wana haki. Watu walizipokea soda.

Hapo ndipo ulipokuja ufadhili. Wazungu wa nchi moja ya kaskazini walikuwa wanalipia Waafrika wachache wasomee shahada ya uzamili ya maadili ya tiba katika chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam. Fortunatus aliliona tangazo gazetini, akaomba, akakubaliwa. Siku aliyokuja kutuaga alisimama kwenye kibanda cha chai kando ya barabara kuu pale Mikumi, akaagiza chai isiyo na sukari, akatutangazia.

"Ndiyo nini hiyo?" akauliza Amos, fundi wa matairi ya malori.

"Maadili ya tiba."

"Ukimaliza utachoma sindano?"

"Hapana, Amos."

"Utapasua?"

Fortunatus akaunganisha viganja. "Anayepasua ni daktari. Mimi nitamwambia kama ni halali kupasua. Mgonjwa ana haki ya kuulizwa. Ana haki ya kukubali na haki ya kukataa. Hiyo inaitwa ridhaa."

Amos alifikiri huku akipulizia chai yake. "Kwa hiyo wewe ni trafiki," akasema.

Tulicheka sana, kwa kuwa Mikumi ina barabara kuu na matrafiki tunawajua wanavyokaa kivulini kusubiri kosa la mwenzao. Fortunatus alitabasamu kwa upole, kama padri anayesikia upuuzi kwenye kitubio, akaondoka na mkoba wake. Jina hilo lilibaki. Hakuna aliyemwita hivyo mbele yake.

Chuoni wanafunzi walikuwa wachache na wengi wao walikuwa madaktari wa kweli, watu waliochoka na zamu, wenye kumbukumbu za vifo wasivyotaka kuvisimulia. Fortunatus hakuwa na kifo chochote. Alijua majina ya wanafalsafa na aliyatamka vizuri, lakini walipokaa mezani wakaulizana, je, wewe ulifanyaje, yeye alifungua daftari lake. Hadi siku profesa alipomtaka kila mmoja alete mfano wa nyumbani kwao. Ndipo alipoukumbuka mkono wa babu.

Babu yake, mzee Lupakisyo, alitoka Tukuyu enzi za Mwingereza, akaandikishwa kazi kwenye shamba moja la mkonge karibu na Kilosa. Mashine ya kusaga majani ya mkonge ikauchukua mkono wake wa kushoto hadi kwenye kiwiko. Kambi ile ilikuwa na watu wa makabila mengi, na kila mmoja aliziacha mila zake kule alikotoka. Moja tu waliitunga wenyewe, hapo hapo kambini, kwa sababu mashine ilikuwa ya wote. Kiungo kilichokatwa huzikwa na mwenyewe. Walikifunga katika kitambaa cheupe, wakakilaza ndani ya chumvi, wakamngoja mwenye nacho aweze kusimama. Akiweza, anakwenda kwenye kishimo kilichochimbwa, anamwaga udongo yeye, na wengine wanasimama nyuma wakiwa kimya. Asipopona, kinamsubiri wazikwe pamoja. Mzee Lupakisyo aliuzika mkono wake kwa mkono uliobaki. Alipokufa miaka mingi baadaye walimlaza kando ya mkono huo, na mkono ukaacha kuwa peke yake. Mwanawe, aliyekuwa mfanyakazi wa reli na baba wa Fortunatus, naye yuko hapo. Nafasi iliyobaki, kati ya kaburi hilo na ua wa mkonge, ilikuwa ya Verdiana, mama yake Fortunatus. Aliionyesha kwa kidole siku ya mazishi ya mumewe, mbele ya watu wote, kama mtu anayechagua upande wa kitanda.

Hayo yote Fortunatus aliyasimulia darasani kwa sauti yake ya seminari. Profesa alivua miwani. Daktari mmoja wa kike wa Mbeya alifuta macho. Uhuru wa mtu juu ya mwili wake, akasema profesa, umeelezwa hapa na vibarua wa mkonge kabla vitabu vyetu havijafika. Fortunatus alipata alama ya juu kuliko wote. Tangu siku hiyo mkono wa babu ulisafiri naye. Aliutoa kwenye semina, aliutoa wakati wa chai, aliutoa mbele ya wafadhili walipokuja kukagua, na kila alipousimulia ulimwaga damu zaidi.

Mwaka wa pili alirudi kwetu kukusanya habari za tasnifu. Alikaa kwenye mabenchi ya hospitali na vituo vya afya, Kilosa, Mikumi na Kidodi, akiwa na kinasa sauti na shati jeupe. Aliwauliza wagonjwa kama waliombwa ridhaa kabla ya kutibiwa. Bibi aliyemzidi umri alimpa shikamoo, akaitikiwa, akakaa, akaulizwa, akasema ndiyo baba, waliniomba. Uliridhika? Niliridhika baba. Ungeweza kukataa? Ningeweza baba. Wote walisema hivyo. Fortunatus alishangaa jinsi haki za wagonjwa zinavyolindwa wilayani kwake. Haikumpitia akilini kwamba mtu aliyekwisha kukuamkia shikamoo na wewe ukaipokea, hawezi tena kukukatalia kitu saa hiyo hiyo.

Ni wakati huo huo mama yake aliumia.

Verdiana alikuwa na shamba la miwa Ruhembe, si kubwa, lililouza kiwandani kama mashamba ya wakulima wadogo wengine. Baada ya mavuno alikanyaga kisiki cha muwa. Kidonda kikakataa kupona, na alipopimwa akaambiwa ana ugonjwa wa sukari. Majirani walimtania.

"Mama Fortu, sukari uliyowauzia imekurudia."

"Afadhali yangu imerudi," akasema Verdiana. "Yenu inakwenda kwa tajiri na haiagi."

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye maneno machache na yote ya kutumika. Alilea watoto wawili kwa jembe baada ya mumewe kufa. Jackline, mdogo wa Fortunatus, ndiye aliyebaki naye shambani. Jackline ndiye aliyemwosha kidonda kwa maji ya chumvi, na ndiye aliyempakia kwenye gari la miwa akampeleka Mikumi wakati vidole vilipokuwa vyeusi na harufu imejaa nyumba.

Hospitalini walimlaza. Daktari Gabrieli, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, aliufungua mguu, akaufunga, akatoka nje ya wodi akaita kama wanavyoita wote, "Ndugu wa mgonjwa." Kwetu ndivyo ilivyo. Mgonjwa hulala ndani akihesabu mbao za dari, na habari za mwili wake hujadiliwa nje kwenye korido na watu wenye miguu mizima. Fortunatus na Jackline walisogea. Gabrieli akaanza kueleza.

Sauti ya Verdiana ikatoka ndani. "Daktari. Unazungumza na nani huko?"

"Na wanao, mama."

"Mguu ni wa nani?"

Gabrieli akarudi ndani, na wanawe Verdiana wakamfuata. Akamweleza mwenyewe. Nyama imekufa, uozo unapanda, ukatwe chini ya goti, usipokatwa utamuua. Verdiana alisikiliza akitazama dirisha. Kwa mbali lori lilikuwa linapanda kilima kuelekea hifadhini, likilalamika.

"Kata," akasema. "Lakini Jumamosi. Shemeji yangu Mathayo atakuja kutoka Kilosa na kitambaa. Atauchukua mguu, atautunza, nami nikipata nguvu nitakwenda kuuzika. Sitaki kuoza vipande vipande kwenye mashimo tofauti. Umenielewa, baba?"

"Leo ni Jumatano," akasema Gabrieli. "Tunaweza kukuwekea dawa tukangoja. Ila homa ikipanda sitangoja."

"Ikipanda nitakuambia mwenyewe."

Ni Jackline aliyenisimulia jinsi kaka yake alivyotoa kalamu. Aliyaandika maneno ya mama yake, hapo hapo, macho yakimwaka kwa furaha. Alikuwa amekaa kwenye mabenchi msimu mzima bila kupata kitu, na sasa ridhaa nzima, iliyo hai, yenye sababu na sharti na siku, ilikuwa imelala mbele yake kwenye shuka la hospitali na kumwita baba daktari asiyemjua. "Mama," akamwambia, "umesema vizuri sana." Verdiana alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyesifu mvua.

Jioni simu ya mkononi ya Fortunatus ikalia. Zilikuwa bado ngeni simu zile, na mwenye nayo alizungumza akitembea ili aonekane. Kulikuwa na warsha ya kimataifa Arusha. Fortunatus alipangiwa kusoma mada yake wiki iliyofuata, lakini mtu mmoja alikuwa ameshindwa kufika, na nafasi yake ilikuwa Ijumaa asubuhi, siku ya ufunguzi, mbele ya wafadhili wote. Je, ataweza? Fortunatus alisema ataweza. Mada yake iliitwa Sauti ya Mgonjwa.

Hebu mfikirie usiku ule. Mimi nimemfikiria mara nyingi na sijapata chochote kikubwa. Angeweza kwenda Arusha na kumwachia Jackline na Mathayo kazi, lakini mzaliwa wa kwanza asiyekuwepo mama yake anapokatwa mguu angesemwa Mikumi yote. Angeweza kubaki, lakini wafadhili wangemsikia mwingine. Uovu mwingi niliouona maishani ulikuwa na kimo hicho hicho, kimo cha kiti cha mbele ukumbini. Nadhani pia aliogopa kwamba mama atakufa. Naliweka hilo ili nisimdhulumu. Aliogopa, na hofu ilikuja saa iliyomfaa.

Alhamisi asubuhi Jackline alikuwa amekwenda Ruhembe kuchukua nguo safi na unga. Fortunatus alimwendea Gabrieli, aliyekuwa na foleni hadi nje ya mlango.

"Mama amebadili mawazo. Anasema haina haja ya kungoja."

"Amesema mwenyewe?"

"Daktari, mimi ndilo somo langu hilo."

Gabrieli hakurudi wodini kuuliza. Alimsogezea karatasi ya ridhaa, na Fortunatus akatia sahihi mahali pa ndugu, ingawa mama yake alijua kuandika jina lake na alikuwa hatua chache kutoka hapo. Mguu utakwenda wapi hakuuliza. Mkono wa babu aliousimulia mpaka kwa Wazungu, siku hiyo haukumjia.

Akaingia wodini. "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hujalala?"

"Nimelala. Leo wanakusafisha kidonda. Watakuchoma sindano ya usingizi kidogo usisikie maumivu."

"Kusafisha tu?"

"Kusafisha tu, mama."

"Haya," akasema Verdiana, na akampa mkono wake amsaidie kukaa kwenye kitanda cha magurudumu.

Mama alipotolewa chumba cha upasuaji akiwa bado amelala, Fortunatus alimtazama, akahakikisha anapumua, akapanda basi. Abiria mmoja wa Mikumi aliyekaa jirani naye anasema alisahihisha mada yake njia nzima, akikata mistari na kuandika pembeni.

Jackline alirudi akakuta shuka limelala tambarare mahali pasipopaswa. Alikaa chini bila kutua mzigo. Mama yake alipofumbua macho ilikuwa jioni, na kwanza alikuwa na utulivu wa dawa.

"Kaka yako yuko wapi?"

"Amekwenda Arusha, mama."

Verdiana alishusha mkono taratibu juu ya shuka, ukapita goti, ukakosa pa kwenda.

"Mguu wangu uko wapi?"

Jackline hakujua. Akamwita muuguzi wa zamu, Hildegarda, mama mtu mzima aliyekuwa akigawa vidonge.

"Sista, mguu wa mama uko wapi?"

"Umekwenda shimoni," akasema Hildegarda. "Ndugu wasipouomba unakwenda shimoni."

"Ndugu yupi hakuuomba?" akauliza Verdiana.

"Aliyetia sahihi, mama. Kijana wa shati jeupe."

"Shimo gani?"

Hildegarda aliweka trei chini. "La nyuma ya jengo. La kondo za wazazi, na vitu kama hivyo. Limejengewa mfuniko wa zege, halifunguliwi kutoa."

Jackline alikwenda hata hivyo. Alizunguka jengo, akaukuta mfuniko na bomba la hewa na nzi wake, akausukuma kwa mabega mpaka mlinzi akaja kumwondoa. Aliporudi, mama yake alikuwa anatazama dari.

"Kondo zenu nyote wawili zilizikwa Kilosa," akasema Verdiana. "Kwa mikono yangu. Mimi mguu wangu umelala na kondo za watu nisiowajua." Hakulia.

Jumamosi Mathayo alikuja. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, mzee wa reli aliyestaafu, mwenye kofia ya kazi iliyochakaa hadi nembo haisomeki. Chini ya kwapa alishika kitambaa cheupe kilichofungwa ndani ya gazeti, na kwenye mfuko wa plastiki alikuwa na chumvi. Alisimama mlangoni akiwa anatabasamu.

"Shemeji, tayari nimechimba. Karibu na kaka, upande wa miguu. Udongo ulikuwa laini, mvua imenisaidia."

Verdiana akamwambia. Mathayo aliviweka vitu vyake kwenye kimeza cha kitanda, akavitazama, akavichukua tena chini ya kwapa, kama mtu aliyefika nyumba ya watu na kukuta si siku yenyewe. Alirudi Kilosa siku ile ile. Mvua ilikuwa imeingia kishimoni. Alisubiri maji yanywee, akarudishia udongo ule ule alioutoa, na haukujaa, kwa vile udongo ukitolewa haurudi wote. Mpaka leo pana kibonde kidogo pale, miguuni mwa kaka yake.

Arusha mada ilipokelewa vizuri. Tasnifu ilipokelewa vizuri zaidi. Nimeisoma, alinipa nakala yenye sahihi yake. Mama yake yumo, sura ya nne, anaitwa Mgonjwa wa Saba. Anaelezwa kuwa mwanamke wa kijijini mwenye elimu ndogo ambaye alikuwa na wasiwasi wa kimila, na ambaye familia yake, kupitia mtoto wa kiume, iliubeba uamuzi kwa niaba yake. Kutokana na hapo mwandishi anajenga nadharia. Mwafrika, anasema, hana mwili wa peke yake. Mwili wake ni wa ukoo, na ridhaa yake ni ya ukoo, na anayemtenga mgonjwa ili amuulize peke yake analeta ugeni. Ni kurasa nzuri. Zina neno utu karibu kila aya. Watahini waliziita mchango mpya. Mtu alimdanganya mama yake aliyelala kitandani, kisha akaupa uongo huo jina la Afrika nzima, nasi sote tukawa tumetia sahihi pamoja naye. Mkono wa babu umo pia, sura ya kwanza.

Verdiana alipona, akajifunza magongo. Fortunatus alikuja kumwona Ruhembe mara kadhaa, na zawadi. Kila alipoingia uani alisema, "Shikamoo mama," na kila mara palikuwa kimya. Verdiana aliendelea kuchambua mchele. Aliuliza habari za safari, alimkaribisha chakula, alimjibu akiulizwa. Marahaba tu ndiyo hakuitoa. Kwetu hilo si jambo dogo. Hata mzazi aliyegombana na mwanawe kwa shamba huitikia, kwa kununa, kwa kugeuza shingo, lakini huitikia. Fortunatus aliusimamisha mkono wa salamu hewani, akaushusha. Baadaye alianza kuwaambia watu kwamba sukari imemharibu mama masikio.

Sherehe ya mahafali aliifanyia Mikumi, kwenye ukumbi wa nyumba moja ya wageni barabarani. Kulikuwa na matarumbeta kutoka Morogoro, viti vilivyofungwa vitambaa, vitenge vya sare, na mshereheshaji, kijana aliyeitwa Petro, mwenye suti inayong'aa kama ngozi ya samaki. Watu wa shirika walikuja. Dokta Gabrieli alialikwa, hakuja. Amos wa matairi alikuja, akakaa karibu na chakula.

Verdiana naye alikuja, amevaa sare, akitembea katikati ya Jackline na Mathayo. Wengi tulishangaa. Alikaa meza ya mbele, magongo yakiegemea kiti. Fortunatus, ndani ya joho, alimwinamia mbele ya watu. "Shikamoo mama." Kimya. Akageuka kwa wageni wa shirika akagusa sikio lake mwenyewe kwa masikitiko. Wakati huo huo kitoto cha kike cha jirani kilipita na soda yake, kikanong'ona, "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema Verdiana. "Usikimbie na chupa."

Tuliokaa karibu tulitazama sahani zetu.

Kisha keki ililetwa. Ilikuwa imepambwa kofia ya mahafali. Petro akapaza sauti kwenye kipaza sauti kwamba sasa msomi wetu atamlisha yule aliyemnyonyesha, na wenye kamera wasogee. Fortunatus alikata kipande, akakichoma kwa uma, akapiga goti mbele ya mama yake huku joho likitandaa sakafuni. Kwa kweli macho yake yalikuwa na machozi. Nadhani aliamini kwamba ndiyo mwisho wa jambo, kwamba mama hatakataa mbele ya watu; alikuwa ameandika kurasa nyingi kuthibitisha hilo. Akainua uma.

Verdiana alifunga mdomo.

"Mama amezidiwa na furaha," akasema Petro. "Mama, kidogo tu. Kipande cha baraka."

"Sitaki," akasema Verdiana.

Hakupaza sauti, lakini Petro alikuwa amemsogezea kipaza sauti, na neno lilizunguka ukumbi likapiga ukuta wa nyuma. Matarumbeta yaliyokuwa yanajiandaa yakashushwa.

"Sukari, mama?" Petro akajaribu. "Kwa ajili ya sukari? Basi onja tu, kikuguse midomo."

"Nimesema sitaki. Kama hujui maana yake muulize huyo. Ndiye aliyesomea."

Kutoka meza ya chakula Amos alitoa kicheko akakigeuza kuwa kikohozi. Fortunatus alibaki amepiga goti, uma ukiwa hewani, krimu ikianza kuteleza. Nilimwona akitafuta. Hakumtazama mama yake tena. Macho yake yalipita juu ya bega la Verdiana, yakaenda kwa Jackline, yakapita, yakafika kwa Mathayo, yakakaa hapo yakiomba, kwa mazoea, kama daktari anayetoka nje ya wodi kuwaita ndugu wa mgonjwa.

"Baba mdogo," akasema chini chini. "Mwambie."

Mathayo alikuwa amevaa kofia yake ya reli hata ukumbini. Aliinuka, akayachukua magongo kutoka kwenye kiti, akampa shemeji yake, kila mkono gongo lake.

"Shemeji," akamuuliza, "unataka kukaa au unataka kwenda?"

"Kwenda," akasema Verdiana.

Wakatoka, wote watatu, polepole, kwa mwendo wa magongo kwenye sakafu ya saruji, na mlango ukajifunga nyuma yao. Kipande kilianguka kwenye joho. Petro aliwapa matarumbeta ishara, nayo yakapiga.